Mashini ya kukata vinili iko, sasa tuchague programu gani?

Tangu sindika yetu ilinunua mashini ya kukata vinili kwa muchango wa wanamemba, kila mutu mwenye kupita ku biro anauliza paka jambo moja: bei. Hakuna mwenye anauliza programu. Lakini mashini peke yake ni kisu kidogo chenye kutembea kushoto na kuume, na rulo yenye kuvuta vinili mbele na nyuma. Haijue herufi A ni nini. Yenye kuifundisha ni programu yenye iko mu ordinatere. Programu ikiwa mubaya, ao ikikataa kufunguka siku ya kazi, ile mashini inageuka meza ya kuwekea vikombe vya chai.

Ninaandika hii juu wandugu wengi wa Likasi, Kolwezi na Lubumbashi wako wanaingia mu kazi ya otokola na mapano. Wengine ni vijana wenye walimaliza masomo na hawakupata kazi. Wengine ni wafanyakazi wetu wenye kampuni iliwatoa, ao wenye daktari aliwaandikia kwamba mugongo hauwezi tena kuvumilia mashini kubwa. Wanakusanya dola, wanaagiza mashini, inafika, wanafungua karto, na ndani wanakuta CD moja yenye maandishi ya Kichina. Hapo njo mateso inaanza.

Kwa nini sindika inajiingiza mu otokola?

Wamoja walituambia ile si kazi ya sindika. Waseme. Mimi ninajua kampuni moja, jina nitaliacha, yenye iliweka tanki ya aside miezi mitano bila alama hata moja. Kila mara delege anauliza mu mukutano wa usalama, jibu ni moja: komande iko njiani. Kwa miezi mitano wafanyakazi wapya walipita pembeni ya ile tanki wakizani ni maji.

Na aside ku kwetu si jambo la mbali. Ili kutoa shaba na kobalti mu mawe, viwanda vyetu vinatumikisha aside sulfuriki mingi, na lori zinaibeba kila siku ku barabara ya Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi mupaka Kolwezi. Mu mwezi wa Februari 2019, ku kijiji cha Kabwe, kwenye ile njia ya Kolwezi, lori ya aside iligongana na magari mengine na watu wengi walikufa, wamoja kwa kuunguzwa na aside. Pano haisimamishe lori. Lakini mwenye kukimbia kusaidia anapaswa kujua, akiwa bado mbali, kwamba ile yenye inamwangika si maji. Ile plake ya rangi ya machungwa, sentimita 40 kwa 30, yenye namba 80 juu na 1830 chini, inasema vile: 80 ni kitu chenye kula mwili na chuma, 1830 ni aside sulfuriki yenye nguvu kupita asilimia 51. Namba nne na mbili tu, vinili nyeusi juu ya chapa ya machungwa. Ni kazi ya nusu saa ku mashini yetu.

Sababu ya pili ni mukate. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya sutretansi inasema ile kazi inapaswa kupewa kampuni zenye mutaji wa Wakongomani. Mapano, otokola za kaski, namba za magari ya mugodi, majina ku milango: yote ile ni sutretansi. Wafanyakazi wanne wenye walitolewa kazini, wakijiunga na kuandikishwa vizuri, wanaweza kuiomba. Na ile siku ya kuomba, nitaonyesha huko chini, programu inaingia tena mu mazungumuzo.

Kazi ni mbili, si moja

Watu wanachanganya hapa. Kuchora ni kazi moja, kukata ni kazi ingine. Fundi wa nguo anachora kwanza ku kitambaa na chaki, kisha anakamata mukasi. Kuko programu zenye kuchora tu, kuko zenye kukata tu, na kuko zenye kufanya yote mbili lakini moja kati ya zile mbili inafanywa vibaya.

Kwa kuchora, kitu chenye unahitaji ni vekta, maana yake mistari. Muteja anakutumia logo yake ku WhatsApp, ni picha. Ile picha ni nukta nukta, na kisu hakikate nukta, kinafuata musitari. Kwa hiyo programu inapaswa kuweza kugeuza picha kuwa musitari. Zote zinasema zinaweza. Picha ikiwa ndogo na yenye ukungu, zote zinatoa musitari wenye kutetemeka sawa mukono wa mulevi. Uchore upya na mukono wako. Dakika makumi mbili, na muteja hatarudisha kazi.

Kwa kukata, mashini nyingi za bei ya kawaida zinasikia luga moja ya zamani yenye kuitwa HPGL. Kampuni ya Hewlett-Packard iliitengeneza kwa mashini zake za kuchora mapla. Ni luga fupi: inua kalamu, shusha kalamu, kwenda hapa. Ndani ya ile luga milimita moja ni vipande 40. Ikiwa mashini yako inasikia HPGL, uko mutu huru, juu programu nyingi zinaweza kuzungumuza nayo. Ikiwa inasikia paka luga ya kampuni yake, umeoa familia nzima.

Programu zenye tunakutana nazo

Tuanze na ile CD ya mu karto. Mara nyingi ni Artcut. Ma atelie ya zamani ya muji wanaijua sana, na kuko wazee wenye wanaikata nayo macho yakiwa yamefungwa. Lakini ilitengenezwa kwa Windows ya zamani, na inapenda kuomba CD yake iwe ndani ya ordinatere kila mara unaifungua. Ordinatere za leo hazina tena pa kuingiza CD. Fundi mumoja alinicheka: « Mukubwa, mashini bananiletea, CD banakwangula mu njia, sasa nitafanya nini, niimbe? » Alitumika na kopi yenye alipewa na rafiki, na ile kopi ikajaa virusi. Tena Artcut haipende maandishi yenye si ya kawaida yake. Nitarudia jambo la luga.

Siku hizi mashini zingine zinakuja na SignMaster. Ile ni muzuri kupita: inachora, inakata, na ikiwa mashini ina jicho la kusoma alama, inaweza kukata kuzunguka picha yenye ilichapishwa na emprimanti. Jicho njo linakuruhusu kutengeneza otokola yenye rangi nyingi na kuikata kwa umbo lake. Uangalie tu aina ya lisansi yenye ulipewa, juu iko ya ngazi mbalimbali, na ile ya mu karto mara nyingi ni ya chini. Lisansi ni kodi yenye unaandika ukiwa ku intaneti. Uandike ile kodi mu kaye, si mu simu. Simu zinaibiwa.

Kisha kuko CorelDRAW, mufalme wa ma atelie ya Katanga. Iko tangu 1989, inatoka Kanada, na ni kweli, kwa kazi ya pano ni nguvu: vipimo vyake viko sawa, na inaweza kuandika fishie ya HPGL yenye mashini itasoma. Illustrator ya Adobe nayo ni kubwa, lakini tangu 2013 unailipa kila mwezi ao kila mwaka, haununue tena mara moja ikaisha. Usipolipa, inafungwa. Kwa atelie yenye inaweza kukaa wiki tatu bila muteja, ile ni kama nyumba ya kupanga yenye mwenye nyumba anabadilisha serire kila mwezi.

Tuseme ukweli wa Corel: karibu kila mutu anatumikisha ile ya kuvunjwa, yenye kuitwa kraki. Sitawahubiria wandugu, ninajua salere zetu. Lakini muhesabu vizuri. Ya kwanza, ile kraki wanaitoa wapi? Ku kle USB ya mutu, yenye imepita mu ordinatere 50. Siku moja fishie zote zinafungwa na alama za wateja zinapotea. Ya pili, kampuni kubwa yenye inatoa sutretansi inaweza kuomba fakture za vyombo vyako vya kazi. Vinili uko na fakture, mashini uko na fakture, programu unaonyesha nini? Ya tatu ni ya sisi wenyewe, watu wa sindika: hatuwezi kupiga kelele mu mukutano kwamba kampuni inakula jasho ya wafanyakazi, kisha ku biro yetu kuko programu ya kuiba. Bakubwa wanaangalia. Ile siku wanatafuta kitu cha kutufunga kinywa, wasikipate ku meza yetu.

Kuko mashini ndogo za nyumbani, Silhouette na Cricut, zenye wamama wanapenda kwa kutengeneza tishati na zawadi za ndoa. Ni za sentimita 30 upana, zinakata vizuri. Programu ya Silhouette inatumika bila intaneti, na ile ya bure inatosha kuanza, lakini ile ya bure haifungue fishie za SVG. Kwa ile unapaswa kulipa ngazi ya juu, mara moja tu. Haiongoze mashini za kampuni zingine. Ya Cricut, Design Space, inaomba uwe na konti na intaneti kwa mambo mengi. Hapa wacha nieleze hadisi moja, juu ni hadisi ya mapambano. Mu mwezi wa Machi 2021 Cricut ilitangaza kwamba mwenye halipe kila mwezi ataweza kuingiza michoro yake mwenyewe mara 20 tu kwa mwezi. Michoro yake, mu mashini yake, yenye alinunua na pesa yake! Watu wakakasirika dunia yote, wakaandika, wakakataa, na mu siku chache kampuni ikarudi nyuma. Bila grevi, bila kufunga barabara. Ninaisifu ile ushindi, lakini ninasoma pia upande wa pili: ikiwa programu inakaa ku mashini ya wenyewe kule mbali, siku yoyote wanaweza kubadilisha sheria wakati wewe umelala.

Kwa wale wenye walinunua Roland, kampuni inatoa CutStudio bila kulipa, na inaingia ndani ya Corel na Illustrator. Graphtec nayo iko na zake. Wale wako sawa, waendelee. FlexiSIGN ni ya ma atelie makubwa yenye kuchapisha na kukata mutambo moja. Kwa watu wanne wa kuanza, ni sawa kununua lori ya tani 40 kwa kubeba nyanya.

Inkscape, na mapungufu yake

Ile yenye tulichagua kwa kuchora ni Inkscape. Ilianza 2003, inatengenezwa na watu wa kujitolea wa inchi nyingi, na haiombe pesa. Si bure ya siku 30. Ni bure kabisa, na lisansi yake inakuruhusu kuinakili na kuipa jirani. Kwetu, kwenye mega zinauzwa kama chumvi, ile ni jambo kubwa: mutu mumoja anaivuta ku intaneti, ni zaidi ya mega 100, kisha kle USB inazunguka sindika nzima, na hakuna mwenye ameiba. Menyu zake ziko mu Kifaransa. Inatumika bila intaneti. Ordinatere ya zamani inaibeba, ikiwa hauifungulie mambo mengi kwa mara moja. Na fishie yake ya kawaida ni SVG, yenye ni mali ya watu wote, haifungwe na kampuni moja.

SVG ina maana kubwa kwa alama za usalama. Alama za norme ISO 7010 zinapatikana ku Wikimedia Commons mu SVG, mistari safi, bila kulipa: W023 ya kitu chenye kuunguza, W012 ya umeme, M014 ya kaski, M004 ya miwani, M003 ya kufunika masikio, P002 ya kukataza tumbaku, E003 ya sanduku ya dawa. Unafungua, unapima, unakata. Rangi usibadilishe ili ipendeze: manjano na pembe tatu ni onyo, bluu na duara ni amri, nyekundu na duara yenye kukatwa ni kukataza, kijani ni njia ya kuponea. Nimeona pano moja ya « kaski ni lazima » mu rangi ya kijani, juu fundi alikuwa amemaliza vinili ya bluu. Mufanyakazi anaisoma namna gani?

Sasa mapungufu. Inkscape haisome jicho la mashini, kwa hiyo otokola za kuchapisha na kukata hauwezi kuzifanya nayo peke yake. Haipange vipande vyenyewe ili kubana vinili. Unapanga na mukono. Kwa kutuma ku mashini, iko na kipande ndani, ku Extensions, kisha Exporter, kisha Traceur. Pale unachagua HPGL, resolution 1016, kasi ya porti 9600, na namba ya porti. Ni rahisi kuandika hapa. Ku atelie ilituchukua siku mbili, juu kamba ya USB ya mashini yetu ndani yake inajifanya porti ya serial, na inaomba piloti yake mu Windows. Uingie mu Gestionnaire de périphériques uangalie namba: COM3, COM5, ao nini. Na usibadilishe tundu ya USB kila asubui, juu ukibadilisha, namba inaweza kubadilika na programu itasema hakuna mashini.

Kuko Inkcut pia, ya bure, yenye kazi yake ni kukata tu: inapokea mchoro wa Inkscape, inaurudia mara nyingi ku rulo, inaongoza mashini. Kuiweka kunaomba uvumilivu na mutu mwenye anajua ordinatere kidogo. Na ikiwa hautaki kuangaika, kuko Sure Cuts A Lot na Easy Cut Studio, za kulipa, zenye kuongoza mashini za kampuni nyingi. Ya kwanza tuliijaribu ku ordinatere ya rafiki, ni safi.

Jambo moja ku Inkscape linachekesha. Ukiandika neno na herufi zenye kugusana, kisu kinakata kila herufi peke yake na kinapita katikati ya jirani yake. Ukitoa vinili, neno linapasuka. Unapaswa kwanza kugeuza herufi kuwa mistari, ku menyu Chemin, Objet en chemin, kisha kuziunganisha zote ziwe kitu kimoja. Ile kazi ya kuunganisha, menyu inaiita Union. Wakamarade walipiga mikono.

Kabla ya kulipa, karee ya sentimita 10

Usimwamini muuzishaji, usiniamini mimi. Chora karee ya sentimita 10 kwa 10, ndani yake duara, na chini neno moja yenye herufi za sentimita 2. Kata. Kisha kamata regle.

Karee ikipima milimita 98 na nusu karibu, usiseme si neno. Programu zingine zinahesabu vipande 1000 kwa kila inchi na mashini inahesabu 1016. Ku karee unapoteza milimita moja na nusu. Ku pano ya sentimita 60 unapoteza karibu sentimita nzima, na vinili haitakutana na tundu za vis. Unarekebisha mu programu, na ile yenye haikuruhusu kurekebisha, uiache.

Pembe za karee zikiwa duara kidogo, ao zikitoka na masikio madogo, kosa ni la kisu na programu haielewe. Ncha ya kisu haiko katikati ya mhimili wake, iko nyuma kidogo, mara nyingi milimita 0.25, na programu inapaswa kujua ile namba ili igeuke muzuri ku pembe. Duara isipofunga, uongeze kidogo ile urefu ya kukata kupita mwisho. Kuhusu nguvu ya kisu, mashini nyingi za China unaipanga ku butoni za mashini yenyewe, programu haina la kusema. Vinili ya kawaida inaomba kisu cha digri 45. Ile nene yenye kurudisha mwangaza wa gari usiku, ya kuweka ku malori na ku mapano ya barabara ya mugodi, kisu cha 60. Na kwa gile za usalama zenye kupigwa pasi, mchoro unakatwa kinyume, sawa mu kioo. Programu iwe na ile butoni ao ukumbuke mwenyewe. Wengi wamekata majina 40 ya timu wakakuta yote yanasoma nyuma mbele.

Umeme ukikatika katikati, mashini inasahau pale ilifika. Hapa programu zinaachana sana. Zingine unaanza tena tangu mwanzo na vinili inatupwa. Sisi tunagawanya pano kubwa mu vipande vidogo na tunatuma kimoja kimoja, hivi ukipoteza, unapoteza sentimita 30, haupoteze metre 2.

Luga ya mwenye kusoma

Ku migodi yetu, mufanyakazi anaongea Kiswahili, ingenieri anaandika Kifaransa, na ku kampuni nyingi shefu anasoma Kichina. Pano ya luga moja inaacha watu nje. Kwa hiyo jaribu la mwisho: andika « Hatari: aside », « Danger: acide », na ile ya Kichina mu programu. Programu za zamani zinageuza Kichina kuwa vikaree tupu, na zingine hata é na ç zinakula. Inkscape iliandika zote tatu bila kelele, ikiwa ile aina ya herufi iko mu ordinatere. Lakini Kichina usikate kidogo kidogo. Maandishi yenye mistari mingi, chini ya sentimita 4 ni kupasua vinili wakati wa kuitoa na kupasua roho yako. Kwa Kiswahili na Kifaransa, chini ya sentimita moja tusijaribu hata. Na kwa kusoma mbali, wafundi wako na kipimo cha kawaida: alama ya kutazamwa kwa metre 10 iwe na kimo cha sentimita 10 ao kupita.

Tena Kiswahili chenyewe. Tulibishana kupita ku programu! Wamoja walitaka « asidi », sawa vile wanaandika ku Tanzania. Mufanyakazi wa hapa anasema aside. Tuliandika aside.

Namna tunatumika sasa

Mashini ni ya sentimita 72. Kuchora kunafanywa mu Inkscape ku ordinatere mbili za zamani. Kukata tunakata na Inkscape yenyewe kwa alama za rangi moja, na SignMaster ya mu karto tunaiacha ku ordinatere ya tatu, kwa zile otokola za kaski zenye kuomba jicho. Pesa yenye ingelipa lisansi kubwa tulinunua nayo betri ya kushika umeme na rulo tano za vinili ya nje, ile yenye kuvumilia jua. Fishie zote zinanakiliwa kila Ijumaa ku kle mbili, moja inabaki kwa sekretere, moja inalala kwa mwenye kuhifazi pesa.

Wanaotumika ni watatu: mumoja aliendesha chajere miaka 19 mupaka mugongo ukakataa, na wawili kontra zao ziliisha. Yule wa chajere hakuwa ameshika suri ya ordinatere mbele. Mu wiki ya tatu alikuwa anapanga vipande ku rulo kupita vijana, anasema ni sawa kupanga malori ku kuingia kwa mugodi. Kazi yao ya kwanza ilikuwa alama 12 za W023, pembe tatu za sentimita 30, na chini maneno mu luga tatu. Tulizipeleka ku kampuni na barua ya delegasio, kopi kwa ispekteri wa kazi. Saba zimeshawekwa. Tano bado ziko mu biro ya shefu wa usalama, wanasema wanangojea ruhusa ya kutoboa ukuta. Tulijibu kwamba otokola haiombe kutoboa.